Brauza Yako Inajua Umekosea, Imeamua Tu Kunyamaza

Semista yangu ya pili kampasi tulifanya mtihani wa HTML kwa karatasi. Ndiyo, karatasi na biro. Unaandika kodi kwa mkono (si kodi ya nyumba, ile ya kompyuta), mhadhiri anaisoma kwa macho, anakupa maksi. Karatasi yangu ilirudi na miduara saba myekundu, na yote ilikuwa inalalamikia kitu kimoja: nilifungua aya kwa <p> halafu sikuifunga kwa </p>. Maksi saba zikaenda hivyo. Pembeni ameandika, "Hii haiwezi kufanya kazi."

Jioni nikachapa kodi ile ile, neno kwa neno, kwa laptopu ya rafiki yangu wa hosteli. Ikafanya kazi. Aya zote zilikaa mahali pake, hakuna kitu kilivunjika, hakuna onyo, hakuna chochote. Sikuenda kumwonyesha mhadhiri. Semista mbili baadaye karo ilinishinda nikatoka kampasi, na hiyo ni stori ya siku nyingine, lakini ile karatasi nilitoka nayo. Bado iko kwa droo. Na swali lake sikuwahi kuachana nalo: kama kweli nilikosea, mbona brauza haikuniambia?

Nilidhani jibu liko kwa teknolojia. Kumbe liko kwa historia. Watu walibishana juu ya hii kitu miaka zaidi ya kumi, wakapiga kura, wakatengana, na vile unasoma post hii kwa simu yako saa hii ni matokeo ya nani alishinda.

Ebu kwanza tuelewane kuhusu vile brauza inafanya kazi, juu wengi wetu tunafikiria ukurasa unatoka kwa seva ukiwa umeshapikwa. Wapi. Kinachokuja ni maandishi matupu, herufi moja baada ya nyingine. Brauza inasoma hizo herufi, inatambua tagi, inaanza kujenga mti: ukurasa wote ni shina, ndani yake kuna mwili, ndani ya mwili kuna aya, ndani ya aya kuna kiungo, ndani ya kiungo kuna maneno. Kila kitu kina mzazi. Mti ukiwa unakua, brauza inachukua sheria za CSS na kuulizia kila tawi: wewe rangi yako ni gani, herufi zako ni kubwa kiasi gani, unaonekana ama umefichwa? Halafu inapiga hesabu ya nafasi, kila boksi linaanzia wapi na linaishia wapi. Mwisho kabisa ndiyo inapaka rangi kwa skrini. Ikikutana na skripti njiani, kwa kawaida inasimama kusoma mpaka skripti ishuke na kuendeshwa, maana skripti inaweza kuandika HTML nyingine papo hapo na kugeuza mti wote. Ukianza kuskroli, skrini nyingi zinataka picha mpya mara 60 kwa sekunde, yaani brauza ina milisekunde 16 hivi kumaliza kila moja.

Sasa, shida iko kwa ule mti. Mti unahitaji kila tagi ijue inaanzia wapi na inaishia wapi. Ukileta maandishi yenye tagi haijafungwa, ama zimefungwa kwa mpangilio wa ovyo, brauza ina njia mbili tu. Ikatae, ikuonyeshe kosa. Ama ikisie ulimaanisha nini.

Turudi Uswisi. Tim Berners-Lee alikuwa anafanya kazi CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva. Pendekezo lake la kwanza ni la 1989, na kufika mwisho wa 1990 alikuwa na brauza inayofanya kazi, jina lake WorldWideWeb. Ilikuwa inasoma kurasa na pia kuziandika. Shida ni kwamba ilikuwa inaendeshwa tu kwa kompyuta za NeXT, ambazo zilikuwa ghali na watu wachache sana walikuwa nazo. Hapo ndipo anaingia Nicola Pellow, mwanafunzi wa hisabati kutoka Uingereza ambaye alikuwa CERN kwa atachimenti. Aliandika brauza nyingine ya maneno matupu, bila panya, bila picha, ambayo ingeweza kuendeshwa karibu kwa kompyuta yoyote. Wasee wa atachimenti mnaotumwa chai, someni hiyo mara mbili.

HTML ya 1991 ilikuwa na tagi kama 18 pekee. Na hapa ndipo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu: kwa HTML ile ya kwanza, <p> haikuwa na kufungwa. Haikuwa boksi la kuweka aya ndani. Ilikuwa alama tu ya kusema "hapa aya moja imeisha, nyingine inaanza." Mwenye kuvumbua hakuwa anaifunga.

Kitu kingine kutoka siku hizo ni kidogo lakini kilibadilisha kila kitu. Brauza za mwanzo zikikutana na tagi zisizoijua, zilikuwa zinairuka na kuendelea. Hazikulia. Februari 1993 kijana anaitwa Marc Andreessen, wa Chuo Kikuu cha Illinois, akawaandikia wenzake pendekezo la tagi mpya ya kuweka picha, <img>. Wengine wakaanza kujadili njia nzuri zaidi. Yeye na Eric Bina hawakungoja mjadala uishe, wakaitia ndani ya brauza yao, Mosaic, na ikatoka mwaka huo huo ikiwa na picha zimekaa katikati ya maneno. Brauza za zamani zilizokutana na <img> ziliiruka tu na kuonyesha maneno yaliyobaki. Hakuna ukurasa ulikufa. Fikiria kama sheria ingekuwa "usipojua tagi, kataa ukurasa wote." Picha ya kwanza ingengoja kamati.

Watu walijifunza HTML vile wengi wetu tulijifunza: unafungua ukurasa wa mtu, unaangalia chanzo chake, unakopi, unabadilisha jina. Ukikopi, unakopi pia makosa. Na brauza zilikubali. Netscape ilipotoka Desemba 1994 ilikuwa na ujanja mmoja ulioipa watu wengi: ilikuwa inachora ukurasa ukiwa bado unashuka. Kwa laini za simu za wakati huo, hiyo ilikuwa tofauti ya kusoma na kukodolea macho skrini nyeupe. Lakini angalia maana yake. Ukishaanza kuchora nusu ya kwanza, utakataaje ukurasa kwa sababu ya kosa lililo kwa mstari wa mwisho ambao haujafika?

Halafu kulikuwa na biashara. Brauza A ikifungua ukurasa na brauza B ikatae, mtu hasemi "ukurasa una makosa." Anasema B ni mbovu, anahamia A. Ni kama makanga: matatu ikikuacha steji juu huna chenji kamili, hulaumu noti yako, unapanda inayofuata. Kwa hivyo kila kampuni ikawa inabeba kila abiria. Microsoft ilipoingia Agosti 1995 na Internet Explorer, ambayo msingi wake ulitokana na Mosaic kupitia kampuni ya Spyglass, kazi yake kubwa haikuwa kufuata kanuni. Ilikuwa kufungua kurasa zile zile Netscape inafungua, pamoja na zilizoharibika, vile vile zilivyoharibika.

Noma ni kwamba kila mmoja alikuwa anakisia kivyake. Chukua mfano mdogo. Unafungua herufi nzito, ndani yake unafungua herufi za mlalo, halafu unafunga nzito kabla ya kufunga mlalo. Kama masanduku mawili yaliyoingiliana nusu nusu, kitu ambacho kwa mti hakiwezekani, maana tawi moja haliwezi kuwa na wazazi wawili. Injini moja ilijenga mti huu, nyingine ule, na nyingine ilijenga kitu ambacho si mti kabisa. Kwa macho zinafanana. Ukileta skripti inayotembea juu ya matawi, kila mahali inafika nyumba tofauti.

CSS nayo ilikuwa na kesi yake. Håkon Wium Lie aliipendekeza 1994, toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996. Kanuni ilisema ukiandika upana wa boksi ni 200, hiyo 200 ni ya yaliyomo. Pedi ya 20 kila upande inaongezwa nje, jumla 240. Internet Explorer 5 ilihesabu pedi ikiwa ndani, jumla 200. Nani yuko sawa? Kwa karatasi, kanuni. Kwa mtaa, Microsoft, juu kufika mwanzo wa miaka ya 2000 ilikuwa na zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji. Ukirekebisha kosa, unavunja kurasa ambazo zilijengwa juu ya kosa.

Suluhisho lilitoka kwa Internet Explorer ya Mac mwaka 2000, na ni la kiafrika kabisa ukiniuliza, mambo ya kutazama mgeni anavyobisha hodi. Ukurasa ukianza na tangazo sahihi la DOCTYPE, brauza inasema huyu anajua kanuni, nitamhukumu kwa kanuni. Ukianza bila, inasema huyu ni wa zamani, nitamsoma kizamani. Hizo akili mbili ziko ndani ya simu yako hadi leo. Na kichekesho: miaka baadaye CSS iliongeza njia ya kuchagua hesabu ile ya Microsoft, na siku hizi wajenzi wengi wa tovuti huiwasha kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Enyewe ilikuwa hesabu rahisi.

Sasa ndiyo tunafika kwa mhadhiri wangu.

Kuna watu waliangalia huo uchafu wote wakasema imetosha. W3C, shirika la viwango vya wavuti, lilikuwa limetoa XML 1998, lugha yenye nidhamu ya kijeshi, na Januari 2000 likatoa XHTML, yaani HTML iliyofunzwa adabu. Kila tagi lazima ifungwe. Mpangilio lazima uwe sawa. Na ukikosea mahali pamoja, hata kama ni herufi moja kwa ukurasa wa mistari elfu, brauza isimame. Kwa Firefox ulikuwa unaona skrini ya manjano yenye maandishi mekundu ikikuambia kosa liko mstari gani, na ukurasa wako hauonekani.

Sikatai kwamba hoja yao ilikuwa na uzito. Brauza ikikataa makosa, injini inakuwa ndogo, simu dhaifu inaweza kuibeba, na kila mtu anaona kitu kimoja. Kitabu ambacho tulifundishiwa kilikuwa kimeandikwa na watu wa imani hiyo, na nadhani hata mhadhiri alilelewa humo. Kwake, </p> isiyokuwepo kweli ilikuwa inaua ukurasa. Miduara yake saba haikuwa uchoyo.

Lakini XHTML yenyewe ilikuwa inaishi kwa uongo. Watu waliandika kodi iliyopendeza, wakafunga kila kitu, halafu seva zao zikaituma zikiwa zimeibandika jina la HTML ya kawaida. Brauza ikiona hilo jina inaisoma kwa macho ya kusamehe, kama kawaida. Na hawakuwa na njia nyingine, maana Internet Explorer haikuweza kufungua XHTML halisi mpaka toleo la 9, mwaka 2011. Kwa hivyo karibu dunia nzima ilivaa suti ya XHTML juu ya mtumba ule ule.

Juni 2004 kulikuwa na mkutano San Jose, California. Mozilla na Opera walileta pendekezo: tuache kungoja dunia iandike vizuri, tuendeleze HTML hii hii ambayo watu wanatumia, na kitu chochote kipya kisivunje cha zamani. Kura ikapigwa. Walishindwa, 8 kwa 14. Ndani ya wiki hiyo hiyo, Opera, Mozilla na Apple wakatangaza kundi lao, WHATWG, na kazi ya uhariri ikashikwa na Ian Hickson, ambaye wakati huo alikuwa Opera.

Walichofanya ndicho kitu napenda zaidi kwa hadithi hii. Badala ya kuandika tu vile HTML nzuri inafaa kuwa, waliandika vile brauza inafaa kufanya ikipewa HTML mbaya. Kila aina ya mbaya. Walichunguza injini zilizokuwepo zinafanya nini na takataka, hasa ile ya Microsoft ambayo kodi yake ilikuwa siri, wakaijaribu kosa baada ya kosa. Mwisho wakawa na utaratibu ambao ukiupa herufi zozote, hata ukikalia kibodi, unatoa mti mmoja. Na injini zote lazima zitoe mti huo huo.

Ndani ya huo utaratibu kuna sehemu zina majina ambayo ukiyatafsiri ni kama ofisi ya watoto. Ile kesi ya nzito na mlalo inashughulikiwa na kitu kinaitwa wakala wa kuasili: brauza inagawanya tagi iliyopitiliza, inatengeneza nakala yake, na watoto waliobaki bila mzazi wanapewa mzazi mpya. Ukiandika maneno ndani ya jedwali lakini nje ya seli, kuna malezi ya kambo: maneno yanatolewa humo na kupelekwa kukaa juu ya jedwali. Hakuna mtoto anatupwa. Firefox 4, Machi 2011, ilitoka na msomaji aliyeandikwa kufuata utaratibu huo, na wengine wako hivyo pia. W3C ilikuwa imesitisha XHTML 2 mwaka 2009. HTML5 ikapitishwa rasmi Oktoba 2014. Na Mei 2019 W3C ikakubali kwamba kiwango cha HTML kinatunzwa na lile kundi lililoshindwa kura.

Opera, mmoja wa wale waasi, sisi tunaijua kwa njia nyingine. Kabla hatujapata simu za kupangusa, kulikuwa na kabambe ya broo yangu na ndani yake Opera Mini. Nilikuwa naona ni uchawi: simu haiwezi hata kucheza video lakini inafungua ukurasa mzima kwa shilingi chache za bando. Ukweli ni kwamba simu haikuwa inajenga mti wowote. Opera Mini, iliyotoka kwa dunia nzima Januari 2006, inatuma ombi kwa seva za Opera. Seva ndiyo inasoma HTML pamoja na makosa yake, inapiga hesabu ya maboksi kwa upana wa skrini yako, inabana kila kitu na kutuma muhtasari. Kampuni yenyewe ilikuwa inasema inaweza kupunguza data hadi asilimia 90. Bei yake ni kwamba seva yao ilikuwa inaona kila ulichosoma, pamoja na neno la siri uliloandika. Hatukuuliza.

Na kuna bei nyingine, hii ya kila mtu. Kusamehe kila kosa tangu 1991 ni kazi kubwa, na inakua kila mwaka, kwa sababu hakuna kinachoruhusiwa kuondoka. Opera iliacha injini yake, Presto, mwaka 2013. Microsoft, na pesa yake yote, ilitangaza Desemba 2018 kwamba inaacha yake. Leo zimebaki tatu kubwa: Blink ya Google, ambayo iko ndani ya Chrome, Edge, Opera na Samsung Internet, WebKit ya Apple, na Gecko ya Firefox. Mbili za kwanza ni ndugu, zote zimetoka kwa KHTML, kodi ya watu wa mradi wa KDE, wengi wao wakijitolea tu. Kuna mradi unaitwa Ladybird unaandika injini mpya kutoka sufuri, na nawaombea, lakini msee anayeanza leo lazima arithi madeni ya miaka zaidi ya 30 kabla hajafungua ukurasa mmoja wa benki. Wale wa XHTML waliona hii ikikuja. Hapo walikuwa sawa, na bado nafurahi walishindwa, juu kama wangeshinda mimi singepita ukurasa wangu wa kwanza nikiwa na miaka 14.

Mwezi jana nilitoa ile karatasi kwa droo nikakaa nayo na kiwango cha HTML chenyewe, sehemu inayohusu <p>. Kinasema waziwazi kufunga aya si lazima, kama kinachofuata ni aya nyingine, kichwa, orodha, ama kama mzazi wake ameisha. Nikapitia duara moja baada ya nyingine. Sita kati ya saba zilikuwa halali. Ya saba nilikuwa nimeacha aya wazi ndani ya kiungo, <a>, na kiungo ni kati ya wazazi wachache ambao hawaruhusu hiyo. Hilo ni kosa hata kwa sheria ya leo, na usiku ule hosteli, kimyakimya, brauza ilimwita wakala wa kuasili na kunifunikia.

Ukurasa wa kwanza wa CERN bado uko mtandaoni, kwa nakala ya 1992. Hauna DOCTYPE. Hauna hata tagi ya <html>. Mahali pa kichwa pana tagi ya <header> inayotumika vile haifai kutumika leo, na nyingine inaitwa <nextid>, iliyoachwa humo na ile programu ya kompyuta za NeXT. Niliufungua jana kwa simu yangu yenye kioo kimepasuka, nikiwa kwa matatu ya kwenda Rongai. Ulifunguka kabla hatujatoka steji.